Anatibiwa na Nani?

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukesha. Alimwambia mama atabasamu, mdomo ukaenda upande. Akamwambia anyanyue mikono yote miwili. Wa kulia ukaishia njiani, kama umesahau ulikokuwa unakwenda. Akaandika. Kisha akanigeukia.

"Dada, mama anatibiwa na nani?"

"Kule kijijini kwetu, zahanati," nikasema. "Saa nyingine kituo cha afya. Na hapa mjini nimeshamleta mara kadhaa, nina kadi ya bima."

"Hizo ni sehemu. Mimi nauliza na nani. Nani anamfuatilia?"

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Nje, daladala za kwanza zilikuwa zimeshaanza kupigiana honi. Nilifungua mdomo nitaje jina la mtu, lolote, nikakuta sina.

Hakusubiri. Aliinama akaandika maneno machache ambayo nilikuja kuyasoma siku sita baadaye kwenye karatasi ya ruhusa. Kwa Kiingereza chao cha mkato yalisema huyu ni mgonjwa wa presha asiyehudhuria kliniki.

Asiyehudhuria.

Niwatoe wasiwasi kabla sijaendelea: mama yupo. Kiharusi kilikuwa kidogo, mkono umerudi, anashika kikombe cha chai mwenyewe, ingawa mwiko wa ugali bado anamwachia mjukuu. Kwa hiyo siandiki tanzia. Naandika kwa sababu lile swali lilikataa kutoka. Nikiwa darasani lipo, nikiwa kwenye foleni ya maji lipo. Wapi, ningeweza kujibu hata usingizini. Na nani?

Madaftari matatu

Mama ana madaftari matatu ya matibabu, yale ya kawaida ya shule ambayo sote tumewahi kutumwa kuyanunua duka la jirani na zahanati kwa sababu dirishani wamesema "bila daftari huandikwi". Ameyafunga kwa uzi wa nyavu, ameyatia kwenye mfuko wa nailoni. Mfuko wenyewe ni wa kabla ya marufuku ya 2019. Kwa mama kitu chenye kazi hakitupwi, serikali iseme itakavyo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari. Kwa wiki nasahihisha madaftari karibu mia mbili. Najua mtoto aliyenakili kwa mwenzake, najua aliyeandikia kibatari, najua aliyeandikiwa na kaka yake. Kazi yangu ni kusoma madaftari.

La mama sikuwahi kulifungua.

Nililifungua usiku wa tatu baada ya kumtoa wodini, yeye amelala chumba cha watoto, mimi mezani na kalamu nyekundu mkononi kwa mazoea tu. Nikasoma ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza hadi wa mwisho wa la tatu. Miezi 26. Mahudhurio 23. Mihuri ya vituo vitano tofauti. Nikahesabu na miandiko, maana miandiko ndiyo naijua: watu 14.

Presha ilipimwa mara 17. Hapo ndipo nilipoiweka kalamu chini, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kukuta hakupimwa. Alipimwa. Siku amekwenda kwa kichwa, imeandikwa 178/102, chini yake kipimo cha malaria hasi, chini yake dawa ya maumivu. Wiki tatu baadaye, kituo kingine, kizunguzungu, 184/104, chini yake dawa ya maambukizi ya njia ya mkojo. Mwezi mwingine mgongo, 176/100, apunguze chumvi. Kuna mmoja aliandika apewe rufaa. Rufaa hiyo mama hakwenda, na mimi hakuniambia. Nilipomuuliza alisema, "Kichwa kilikuwa kimeshaacha, na wewe ulikuwa na mitihani."

Kila aliyemwona alifanya jambo la maana kwa siku ile. Ukiuchukua ukurasa mmoja mmoja, huwezi kumpa mtu sifuri. Ila hakuna aliyefunua ukurasa wa nyuma.

Yupo mmoja tu aliyefunua.

Mwandiko wake ni wa wino wa kijani, herufi zimesimama wima, na unatokea mara sita, wote muhuri wa zahanati ya kijijini. Mara ya kwanza ameandika 188/106, halafu pembeni, kwa herufi ndogo, amezinukuu presha nne za nyuma pamoja na tarehe zake. Kisha kwa Kiswahili, wakati wenzake wote wanaandika kwa Kiingereza: "Bibi ana presha, si malaria. Arudi 14/3. AJE NA VIDONGE VILIVYOBAKI." Tarehe kaipigia mistari miwili. Na mama akarudi. 170/100. Akarudi tena. 158/96. 146/90. 138/86. 136/84.

Halafu kijani kinakatika. Ukurasa unaofuata ni wiki saba mbele, zahanati ile ile, wino wa bluu: anaumwa kichwa siku tatu.

Nikalia pale mezani. Si kwa uchungu wa presha. Nililia kwa sababu mama yangu mwenye miaka 68, ambaye hajui kusoma, alikuwa amebeba taarifa hizo zote kwapani kwa miezi 26, na msomaji wa madaftari katika familia ni mimi.

Makala niliyotaka kuiandika

Asubuhi yake niliandika makala. Ilikuwa kali. Ilikuwa na alama za mshangao, na kichwa chake sitakirudia hapa. Nilitaka kuitundika siku hiyo hiyo, nikajizuia kwa kitu kimoja: nilitaka kwanza niende zahanati nikaone kwa macho yangu mtu anayeshindwa kufunua ukurasa wa nyuma, nimwandike vizuri.

Likizo ilipofika nikampeleka mama nyumbani. Kijiji chetu kiko upande wa Sengerema, karibu na ziwa kiasi kwamba upepo ukigeuka nguo za kamba zinanuka dagaa. Saa tatu asubuhi tulikuwa kwenye benchi. Nikahesabu watu, mazoea ya mwalimu: 41, bila watoto waliobebwa mgongoni.

Nesi alikuwa mmoja. Mganga mfawidhi aliitwa kikao halmashauri. Mwingine yuko likizo ya uzazi. Mhudumu alikuwa upande wa pili anapima watoto uzito. Mwongozo wa ikama wa wizara wa 2014 ulisema zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Nawaachia mlioko vijijini mhesabu wa kwenu.

Zamu yetu ilipofika nikaketi kama msindikizaji, kimya, nikitazama mikono. Nesi akalipokea daftari, akapeperusha kurasa kwa kidole gumba, akafika ukurasa mtupu, akaukunja vizuri kwa kiganja. "Bibi, unasumbuliwa na nini leo?"

Hicho ndicho nilichokuja kukiona. Nikakiona.

Kabla mama hajajibu, chumba cha jirani alipiga kelele mwanamke aliyekuwa anajifungua. Nesi akasema "samahani mama yangu", akaondoka mbio na kalamu mkononi. Akarudi baada ya dakika ishirini na tano, jasho limemtoka, ananuka sabuni. Akakaa. Akatabasamu. Akauliza tena palepale alipoishia: unasumbuliwa na nini leo?

Na mimi ninavyosahihisha kidato cha pili, mkondo wenye watoto sabini, nafanya nini? Nashika daftari, napeperusha kwa kidole gumba mpaka zoezi la mwisho. Tiki, tiki, kosa, tarehe. Mtoto anaweza kuwa anakosea kitu kile kile tangu Januari na mimi nikamwekea kosa jipya kila wiki.

Niliirudia ile rasimu jioni, nikafuta nusu yake. Nusu iliyobaki nilibaki nayo bila kujua niielekeze kwa nani.

Wanaotafutwa wakikosa

Jirani yetu mmoja anaishi na VVU na hafichi. Ukimkuta kwenye mwalo atakupa somo bila kuombwa. Siku tuliyokuwa kwenye benchi alipita akamwona mama, akasema kwa utani, "Mayu, ungekuwa na ngoma wangeshakufuata nyumbani."

Watu wakacheka. Mimi nilichelewa kucheka, kwa sababu ni kweli tupu. Yeye ana kadi, ana namba, ana faili, ana tarehe. Mwaka juzi alikwenda kambi ya uvuvi visiwani akapitisha siku ya dawa. Alipigiwa simu, na alipochelewa zaidi akafuatwa kwa bodaboda.

Mjamzito ana kadi ya kliniki. Mtoto ana kadi yake, na akikosa chanjo anaulizwa. Mwenye kifua kikuu ana mtu wa kumsimamia anywe dawa, na hilo si la jana: mpango wa taifa wa kifua kikuu ulianza 1977, na namna Tanzania ilivyokuwa ikisimamia wagonjwa wake ilikuja kuwa mfano ulioigwa duniani. Usiku ule mdomo wa mama ulipokwenda upande, nilimwambia mdogo wangu kwenye simu apige 115, gari lije. Akanikumbusha kwa upole kwamba namba hiyo ni ya m-mama, ya wajawazito na watoto wachanga. Mama alikuja mjini kwa Noah ya mfanyabiashara wa dagaa, kiti cha nyuma kikiwa bado na magamba.

Kwa hiyo kufuatilia tunajua. Tumejua kwa karibu miaka hamsini. Tunachofuatilia ni ugonjwa uliopewa mpango wake, na mtu anafuatiliwa akiwa ndani ya ugonjwa huo. Bibi mwenye presha, mgongo, macho yanayofifia na huzuni ya kufiwa na mume hana kadi ya rangi yoyote. Kwenye kitabu cha wagonjwa wa nje cha MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za afya, kila alipokwenda aliandikwa mstari mmoja, na aliporudi, kwenye safu ya mahudhurio akawekwa "marudio". Mwisho wa mwezi mistari inajumlishwa, inapelekwa wilayani. Mama alihesabiwa mara 23, kwa usahihi.

Najua kuna anayesoma hapa na kusema mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watapita nyumba kwa nyumba. Najua, na nautazama kwa matumaini ya kweli. Nitasema tu kwamba nilipowauliza wazee wa kwetu, walikumbuka wahudumu wa namna hiyo waliowahi kuwepo zamani, baiskeli zao, na jinsi walivyoacha kupita mmoja mmoja posho zilipokatika.

Wino wa kijani

Nilimtafuta.

Haikuwa kazi ngumu. Kijijini kila mtu alimkumbuka kwa jina la "dokta wa mwangaluka", kwa kuwa alikuwa mtu wa kuja lakini alijifunza kumsalimia kila mama kwa Kisukuma kabla hajamgusa. Kazi yake ni tabibu, stashahada ya miaka mitatu. Kwetu hilo halina maana, kwa sababu yeyote aliyevaa koti jeupe ni dokta, hata anayefagia akilivaa kwa bahati mbaya.

Nilipopiga simu nilikuwa nimeshajipangia kisa kichwani: kijana mzuri, mabosi wasiojali, barua ya uhamisho ya ghafla. Nilitaka anipe huyo bosi.

"Yule bibi wa dagaa?" akasema, hata sijamaliza. "Anakunywa vidonge?"

Nikamweleza. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata. Kisha nikamuuliza nani alimhamisha.

"Hakuna aliyenihamisha, mwalimu. Niliomba mwenyewe."

Alikaa kwetu miaka mitatu. Mke wake ni mwalimu pia, yuko mkoa mwingine. Mtoto wao wa kwanza alimwona akiwa na miezi minne. Nyumba ya mtumishi ilikuwa imeishia kwenye lenta. Usiku aliamshwa kwa kila kitu, ng'ombe aliyevunjika mguu pia. Aliomba uhamisho mara tatu, ya nne ikakubaliwa, akaondoka wiki hiyo hiyo asije akabadilishiwa.

Ningemwambia nini? Kwamba angekaa kwa sababu ya mama yangu? Mimi mwenyewe nilianza kazi shule ya kisiwani Ukerewe, nikahangaika miaka miwili kutoka, nikatoka. Sijawahi kurudi kuwauliza wale watoto walipewa nani.

"Lakini nilikabidhi," akaongeza. Alikuwa na daftari lake mwenyewe la pembeni, counter book, lenye orodha ya watu 31 wa presha na kisukari, tarehe zao, majina ya wajukuu wenye simu. Aliliacha kwenye droo ya meza ya chumba cha daktari.

Kesho yake nilirudi zahanati kuuliza. Nesi aliinama, akavuta droo ya chini, akaondoa makasha matupu ya glovu, na likatoka. Lilikuwa pale pale. Hakuna aliyelitupa na hakuna aliyelifungua, kwa sababu si kitabu cha MTUHA. Halina namba, halidaiwi na wilaya, mkaguzi akija haliulizi. Nesi alisoma majina polepole. Kwenye jina la nne akasema, "Huyu tumemzika." Kwenye la tisa, "Na huyu."

Mama alikuwa wa kumi na saba.

Muuza dawa

Hili nalitaja haraka ingawa nalo linanisumbua. Tabibu alipoondoka, mama hakuacha vidonge siku ile. Aliendelea kuvinunua duka la dawa muhimu la pale senta, vitano vitano, jinsi alivyonunua chumvi. Binti wa dukani alikuwa anamjua. Alipokosa kuja wiki mbili alimtuma mtoto aulize. Mama akajibu amepona, kichwa hakiumi. Binti akaona hayamhusu kuzidi hapo, naye si daktari.

Kwa hiyo lile swali la alfajiri lilikuwa na jibu, kwa kipindi fulani. Anatibiwa na binti wa dukani. Ningethubutu kulitaja jina hilo mbele ya yule daktari?

Si ndoto za Wazungu?

Nilianza kujishuku. Pengine namtamani daktari wa familia kama wanavyokuwa kwenye nchi za watu, ambako umeandikishwa kwa mmoja naye anakujua hadi jina la paka wako. Wanorwei, ambao karibu kila raia wao ana daktari wake aliyesajiliwa, walichapisha utafiti mkubwa: waliokaa na daktari yule yule zaidi ya miaka 15 walikuwa na uwezekano pungufu kwa takriban robo wa kulazwa na wa kufa, ukilinganisha na waliokuwa naye mwaka mmoja tu. Nilipousoma nilifurahi, kisha nikaona aibu ya kufurahi. Norwei na Sengerema wapi na wapi? Sisi tunatafuta glovu.

Kilichonirudisha ni jambo la hapa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkoani Mwanza, watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wa hospitali ya Bugando na wenzao wa London walichagua jamii 12. Katika sita waliimarisha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati zilizopo: waliwafundisha watumishi wale wale kutibu kwa kufuata dalili, wakahakikisha dawa hazikatiki, wakawa wanawatembelea mara kwa mara kuwasimamia. Hawakujenga hospitali. Hawakuleta madaktari bingwa. Matokeo yalipochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1995, maambukizi mapya ya VVU kwenye jamii hizo yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 40 kulinganisha na zile nyingine sita. Dunia nzima ya afya iligeuka kutazama zahanati za ziwani.

Nimeishi Mwanza maisha yangu yote ya utu uzima, na hilo nimelijua mwaka huu.

Narudia yale matatu kwa sababu ni ya kawaida mno: mafunzo kidogo, dawa zisizokatika, na mtu wa kuja kukuuliza unaendeleaje. Yule wa wino wa kijani alikuwa na la kwanza. La pili alilipigania; mara mbili, amenieleza, alinunua vidonge vya mama kwa fedha yake. La tatu, kwa miaka yote mitatu, waliokuja walikuja kuangalia vitabu.

Daraja

Usiku ule mama alivuka ziwa pale Kigongo–Busisi kwa dakika chache tu. Ninyi mnaokumbuka kivuko mnanielewa. Daraja lile la kilomita tatu lilifunguliwa Juni 2025, na sitamruhusu mtu yeyote alibeze mbele yangu. Nikiwa mtoto nilimwona mwanamke akijifungua kwenye foleni ya magari upande wa Busisi. Pengine ndilo lililomwokoa mama.

Ila kabla ya usiku ule nami nililitumia kwa namna yangu. Mama akilalamika, namwambia njoo. Anavuka, nampeleka hospitali hii kwa kadi, tunapimwa vipimo sita, tunapewa mfuko wa dawa, anavuka kurudi. Mwezi ujao foleni ya pale ni ndefu, nampeleka nyingine, nako wanaanza upya. Ile mihuri mitano niliyoihesabu kwa hasira usiku ule, mitatu niliitafuta mimi. Niliona nampa mama huduma bora kuliko ya kijijini, na wanakijiji waliona hivyo hivyo: mtoto wake yuko mjini, ana bima.

Wakati mama anaangaziwa kwa mashine mjini, kijana wa kijani alikuwa kijijini na tarehe aliyoipigia mistari miwili. Kuna miadi moja mama aliikosa. Nimeiangalia. Ni siku niliyomwita mimi.

Jalada la kaki

Nimenunua daftari la nne. Nimelifunika karatasi ya kaki, kama tulivyofanyiwa tukiingia darasa la kwanza. Ukurasa wa kwanza nimeandika mwenyewe kwa mwandiko wa ubaoni: jina, mwaka wa kuzaliwa, kiharusi na tarehe yake, vidonge vitatu na saa zake, presha zote tangu mwanzo kwa safu moja, zote 17 na za hospitali. Chini nimeweka namba yangu. Nimemwambia mama sitamwita tena mjini kwa kichwa au mgongo. Aanzie zahanati, na zahanati ikisema avuke, atavuka. Sijui kama nakosea. Kuna usiku naamka nikiwa na hakika kwamba nakosea.

Counter book la kijani nesi amelihamisha kutoka droo ya chini hadi juu ya meza. Majina yamebaki 26. Ameniambia hana muda wa kuwapigia, na ni kweli hana. Likizo yote nimekaa nje ya ofisi yake saa moja kila asubuhi nikiwapigia mimi, kwa vocha yangu, najitambulisha kama mwalimu, kwa sababu nisingeweza kujitambulisha kama kitu kingine. Shule zikifunguliwa sitakuwepo. Tumezungumza na mwenyekiti wa kamati ya zahanati juu ya hilo. Ameahidi kulileta kikaoni.

Wiki iliyopita nilimpeleka mama miadi ya pili. Kulikuwa na tabibu mpya, binti, ameripoti mwezi huu. Alilipokea daftari, akashangaa jalada, akasoma ukurasa wa kwanza wote. Kisha akafunua wa pili, na wa tatu, akarudi tena wa kwanza kulinganisha kitu. Akapima. 142/88.

Tukarudi kwa miguu, polepole, kandokando ya turubai za dagaa. Mama alikuwa kimya mpaka tulipofika kwenye mwembe.

"Amefunua nyuma," akasema.

"Nimeona, mama."

Tukaenda hatua nyingine kumi.

"Huyu naye ataondoka lini?"